Bati Lililopigwa Kutoka Ndani

Bati lishikeni kabla ya kuliangalia. Hilo nitawaambia hata mkichoka kunisikia, nyinyi mnaoanza kazi ya bodi leo na taa zenu za kuchaji na rangi zinazochanganywa kwa kompyuta. Macho hudanganywa na rangi. Kiganja ni vigumu kukidanganya. Vaa soksi kuukuu mkononi, fumba macho, kisha pitisha kiganja polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe asiyemjua. Utasikia yote ambayo gari limefanyiwa tangu litoke kiwandani.

Mimi nilifunzwa hivyo na Mzee Karanja, aliyekuwa na kibanda chake Makongeni, karibu na reli. Alinifunga macho kwa kitambaa kilichonuka thina ya rangi, akanisimamisha mbele ya mlango wa gari.

"Barasa, hapa kumegonga nini?"

Nikapapasa. Nikasema ukuta.

Akanizaba kofi la kisogo. "Ukuta unakwangua. Hii ni ng'ombe."

Ng'ombe akigonga, bati huingia kwa upana na ulaini, kama limekaliwa. Nguzo ya stima huacha mfereji. Makanga anayepiga paa akiita abiria huacha vibonde vidogo upande wa mlangoni, na nimenyoosha mapaa mengi kiasi kwamba naweza kukuambia kama huyo makanga alivaa pete. Wenye magari walidhani nina uganga. Sina. Nina soksi tu.

Lakini hizo zote ni alama za mapigo ya nje. Leo nataka niwaambie kuhusu gari moja lililopigwa kutoka ndani.

Lilikuja miaka michache tu kabla sijaacha kazi. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la miaka ya sabini, milango minne, taa za mviringo, la rangi ya krimu iliyogeuka kama maziwa yaliyoganda. Lilivutwa kwa kamba kutoka Buruburu, ambako lilikuwa limekaa miaka mingi uani, chini ya turubai. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aitwaye Grace, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Lilikuwa la baba yake, karani wa serikali, ambaye walikuwa wamemzika mwaka uliotangulia. Ndugu zake walitaka liuzwe skrepu. Yeye akakataa.

"Unataka tulifanye nini, Mama?" nikamuuliza.

"Liwe kama siku alipolinunua."

"Ulilipenda sana?"

Akaliangalia kidogo. "Hapana," akasema. "Wala sikumpenda yeye. Ndiyo maana nataka litengenezwe vizuri."

Sikuelewa, na sikuuliza. Katika kazi hii watu hukuambia mambo yao wakiwa tayari.

Tukaanza na miguu, kama inavyotakiwa. Msinyooshe bodi ya gari linaloinama, mtanyoosha uongo. Gari lile lilikuwa limelala upande wa kushoto nyuma, kama mtu aliyechutama. Mimi na mwenzangu Mutua, ambaye ndiye aliyekuwa mchomaji wetu, tukalipandisha kwenye stendi tukafungua springi za nyuma, zile za vyuma bapa vinavyolaliana, kirefu juu na vifupi chini. Upande wa kushoto chuma cha pili kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kutu imeingia hata katikati ya mvunjiko.

Mutua akachokoa kwa bisibisi mahali springi inaposhikana na bodi. Akatoa donge gumu, akalivunja kwa vidole, akanusa.

"Barasa, hii gari haikuvunjikia barabarani."

"Kwa nini?"

"Udongo wa huku kwetu ni mweusi na unanata. Hii ni vumbi ya kwari. Nimekulia kando ya machimbo ya mawe, hii kitu tulikula na githeri." Akalionyesha lile vumbi la kijivu. "Karani wa serikali alienda kutafuta nini ndani ya machimbo?"

Nikamwambia aache upelelezi, aoshe vyuma. Tukabadilisha chuma kilichovunjika, tukaweka bushi mpya za kushikilia springi. Bushi za raba mzipake maji ya sabuni zikiingia, si grisi wala oili, maana oili hula raba. Na msikaze bolti zake gari likiwa hewani. Lishusheni likae kwa uzito wake, ndipo mkaze, la sivyo raba itapindika na kupasuka kabla mwaka haujaisha. Mutua alijua hivyo, mimi nilijua hivyo, na bado siku ile tulikaza gari likiwa juu ya stendi, tukafungua tena tukicheka. Ndiyo siku ya mwisho tuliyocheka kwa gari lile.

Tukafika kwenye kifuniko cha buti, ile sehemu ya mizigo ya nyuma. Kwa macho kilikuwa kizuri kuliko bodi yote. Nikavaa soksi, nikapitisha kiganja, nikasimama. Chini ya rangi kulikuwa na mawimbi madogo madogo, mengi, yameshonana kama uso wa uji unaochemka. Nikakwangua rangi. Chini yake nikakuta madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kusawazishwa, kazi ya zamani, kabla watu hawajazoea kuziba mabonde kwa puti. Nikaiyeyusha risasi taratibu kwa gesi, nikaifuta.

Chini ya risasi kulikuwa na duara za samawati, mahali bati lilipochomwa ili lijikunje. Mnajua jinsi inavyofanywa: bati likivutika, haliwezi kurudi kwa nyundo peke yake, kwa sababu limekuwa kubwa kuliko nafasi yake. Unachoma doa dogo hadi liwe jekundu, unagonga pembeni, unalibana kwa kitambaa chenye maji, nalo linajikunja. Aliyefanya kazi ile alichoma doa moja katikati, mengine yakalizunguka kama petali za ua.

Mtu niliyemjua anachoma hivyo alikuwa mmoja tu. Ilikuwa kazi ya Mzee Karanja.

Lakini kilichonishtua hakikuwa hicho. Bati lote lilikuwa limevutika kwenda nje. Nikageuza kifuniko. Kwa ndani vifuniko vya buti huwa na mbavu za chuma, na kati ya mbavu ndipo mkono hufikia bati la nje. Vibonde vyote vilikuwa hapo, kati ya mbavu. Kwenye ubavu wenyewe hakukuwa na hata kimoja. Nikakunja ngumi, nikaiweka kwenye kibonde. Ikakaa.

Mutua alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaenda kuangalia mdomo wa buti, akarudi. "Raba ya kuzuia maji si ya gari hii," akasema. "Ya kwanza ilinyofolewa. Na imenyofolewa kutoka ndani. Njoo uone makwaruzo."

Tukakaa chini. Mutua akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Humu kulikuwa na mtu."

"Nimeona."

"Tupake puti, tupige rangi, tumpatie mama gari yake. Mzee amekufa. Aliyekuwa humu, sijui."

Mimi pia nilitaka hivyo, sitawadanganya. Tukarudisha kifuniko mahali pake, bila puti, ili tufikirie. Alasiri hiyo, kivuli cha ukuta kilipolifikia gari, kukasikika ndani ya buti: *tung*. Kisha kimya. Kisha tena, mara mbili za harakaharaka: *tung, tung*.

Sasa, ninyi vijana msije mkakimbia siku mkisikia hivyo. Bati lililovutika halina pa kukaa. Jua likilipiga linatuna, kivuli kikiliingia linarudi, na likirudi linagonga. Risasi ya Mzee Karanja ilikuwa imelituliza kwa uzito wake miaka yote, mimi nikaiondoa. Najua sababu. Nilimweleza Mutua, naye alijua kabla sijamweleza. Na bado kila alasiri kivuli kilipokaribia, sote wawili tulitafuta kazi upande mwingine wa gereji. Maana halikugonga kama bati. Liligonga, likanyamaza kama linalosikiliza, likagonga tena.

Grace alikuja kuangalia maendeleo alasiri moja, bila kupiga simu. Alikuwa amesimama kando ya gari akisifu springi, bati lilipogonga.

"Fundi, nani huyo?"

"Ni bati, Mama. Jua likiondoka linajikunja."

Likagonga tena. Grace akafungua buti mwenyewe. Akatazama sehemu ya ndani ya kifuniko, akanyoosha mkono, na nikaona anafanya kile nilichokifanya mimi: akakunja ngumi, akaiweka kwenye kibonde.

Nilitegemea ataniuliza ni nini. Akaniuliza jingine.

"Baba alimfungia nani humu?"

Akaketi juu ya gurudumu la akiba tulilokuwa tumelilaza sakafuni, akaanza kusema bila kutuangalia. Kwamba alipokuwa msichana wa sekondari, baba yake aling'oa komeo zote za ndani ya nyumba, hata ya bafu. Kwamba hakuruhusu mlango wa chumba ufungwe. Akiufunga, angesikia miguu ya baba kwenye korido, naye baba angeusukuma ubaki wazi, asiseme neno, aende zake. "Msichana wa umri ule, Fundi. Unabadilisha nguo huku unajua mlango uko wazi na baba yako anapita. Hakuwahi kunigusa, lakini nilimwogopa. Nilimaliza shule nikaenda kukaa kwa shangazi, sikurudi. Alinipigia simu miaka yote, nilikuwa namjibu kama mtu wa ofisini. Nikarudi kumzika." Akaangalia tena kile kibonde. "Siku zote nilijua kuna kitu. Nilijua alifanya kitu."

Mutua akanitazama. Nikajua siwezi tena kupaka puti.

"Mama," nikasema, "aliyelirekebisha hili buti ninamjua. Yu hai."

Mzee Karanja alikuwa akiishi Mathare, kwa binti yake, chini kuelekea mtoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, haoni ila mwanga. Nikajua hakuna maana ya kumweleza kwa maneno. Nikafungua kifuniko cha buti, nikakizungushia blanketi, tukakipeleka kwa gari la Grace hadi barabarani, kisha mimi na yeye tukakibeba kwa mikono kwenye kichochoro. Kijana mmoja wa kununua vyuma akatufuata akiuliza, "Niaje mzee, hiyo skrepu unauza?" Grace akamwambia, "Bado." Sijui alimaanisha nini.

Mzee Karanja alikuwa ameketi juani mlangoni. Nikamsalimia, akanijua kwa sauti, akanitania kwamba nimenenepa. Nikamlazia kile kifuniko mapajani. Akapitisha viganja. Hakuhitaji soksi. Alipofika katikati, mikono yake ikasimama.

"Hii nilidhani itazikwa na mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe amezikwa, Mzee. Niko na binti yake hapa."

Akageuza uso kuelekea upande wa Grace, lakini akauelekeza pembeni kidogo. "Nilimwapia sitasema."

"Alikuapisha juu ya nini?" Grace akauliza. "Juu ya mtu aliyemuua?"

Mzee akakunja uso kama aliyesikia lugha ya kigeni. "Kuua? Mama, aliyekuwa humu ndani ni babako."

Nitawasimulia kama alivyotusimulia. Baba yake Grace alisimamishwa na majambazi Ijumaa jioni akitoka kazini. Familia ilikuwa imeenda ushago, kijijini kwao, shule zimefungwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumngoja nyumbani. Alikuwa mtu mdogo wa mwili. Wakamkunja wakamtia ndani ya buti la gari lake mwenyewe, wakaenda na gari kufanya uhalifu wao, kisha wakalitupa ndani ya machimbo ya mawe upande wa Njiru, gurudumu la nyuma likaingia shimoni. Wakaondoka. Labda walimsahau, labda hawakujali.

Jumamosi asubuhi akaamshwa na nyundo. Wavunja mawe walikuwa wamekuja kazini, upande wa pili wa kilima cha kokoto. Akaanza kugonga kwa ngumi. Aligonga, akanyamaza kusikiliza, na nyundo zao zikagonga. Akagonga tena, nazo zikagonga. Alidhani wanamjibu.

"Siku nzima," Mzee Karanja akasema. "Yeye anagonga, wao wanagonga. Aliniambia alikuwa hata anawashukuru kwa sauti. Alidhani wanatafuta njia ya kumfikia. Kisha jioni nyundo zikanyamaza, akasikia watu wanaondoka wakicheka."

Grace alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Aliyemwokoa ni mvunja mawe mmoja aliyerudi Jumapili kuchukua koti alilosahau. Machimbo yalikuwa matupu, naye akasikia mtu anavunja mawe mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alikimbia. Alipofika kwao watu wakamcheka, na ili wamcheke vizuri zaidi wakarudi naye. Hivyo ndivyo baba yake Grace alivyopona, kwa sababu watu walitaka kumcheka mwenzao.

"Alikuja kwangu mikono yote imefungwa bandeji," Mzee akaendelea. "Akaniambia ondoa alama zote, watoto wangu wasijue. Nikachukua nyundo, nikagonga mara moja. Huyo mtu akaanguka chini. Mtu mzima, tai shingoni. Ndipo akanieleza. Ikabidi awe anaenda mbali hadi nimalize. Springi sikuwahi kuzitengeneza, hakuweza kuniachia gari tena. Nikamwambia, uza hii gari. Akasema hapana, mwingine atakuwa anafunga hilo buti bila kujua."

Grace akasema polepole, "Alituambia stovu ililipuka. Tulipotoka ushago, alikuwa na bandeji mikononi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia chupa ya dawa."

Mzee Karanja akampa mkono, naye akaushika. Sikusikia walichoambiana tena, niliondoka nikasimama kichochoroni.

Mngedhani jambo liliishia hapo. Siku iliyofuata Grace alikuja gereji asubuhi mapema, amevaa suruali na viatu vya raba. Nilikuwa nimekirudisha kifuniko.

"Nataka kuingia," akasema.

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mutua akaweka chini vyombo vyake. "Mama, mimi hapana," akasema, akatoka akaenda kusimama barabarani.

Nilijaribu kumkataza. Akaniambia, "Fundi, nimemchukia miaka hii yote kwa sababu ya milango. Nataka kujua nilimchukia kwa nini hasa. Ufunge, kisha upige bodi kama kawaida. Nikigonga, fungua."

Akaingia, akajikunja magoti kifuani. Nikafunga. Nikaenda kwenye tandiboni ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, nikachukua nyundo, nikaanza kunyoosha. Mlio wa nyundo kwenye bati mnaujua. Nilikuwa nimetega sikio kabisa. Nikagonga, nikagonga, huku nikijiambia mwanamke huyu ana moyo, bado hajaomba kutoka. Nikasimama kubadilisha nyundo.

Buti lilikuwa linadunda kama ngoma.

Nikakimbia. Ufunguo ukaniponyoka, nikauokota. Nilipofungua, uso wake ulikuwa umelowa, na vifundo vya vidole vimechubuka.

"Hukunisikia?" akauliza.

"Sikusikia, Mama. Wallahi sikusikia."

"Nimeanza kugonga ulipopiga nyundo ya kwanza."

Nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kuiogopa nyundo yangu isipokuwa asubuhi ile. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Kila alipogonga mimi niligonga, na kila nilipogonga yeye alidhani nakuja.

Nilimpa maji. Alikunywa, akatulia, kisha akasema jambo la kazi, kana kwamba tulikuwa tunazungumzia rangi. "Unaweza kuweka kitu cha kulifungua kutoka ndani?"

Hicho niliweza. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli, nikauunganisha na ulimi wa kufuli, nikaupitisha kwenye ubavu wa kifuniko, na mwisho wake nikaweka pete ya shaba ya kuvutia, kubwa kiasi cha kuingia vidole hata vikiwa vimevimba. Kazi rahisi. Nikalinyoosha lile bati kwa moto na maji, doa kwa doa, kwa mpangilio wa mwalimu wangu, mpaka kiganja kikapita bila kusimama. Tukapiga rangi ya krimu.

Siku ya kulichukua, Grace alizunguka gari mara moja, akapapasa bodi, akasema asante. Kisha akavua viatu, akaingia tena ndani ya buti.

"Funga, Fundi. Halafu msilishike."

Nikafunga. Safari hii Mutua hakuondoka. Tulisimama nyuma ya gari, mikono pembeni. Gereji yote ilikuwa imenyamaza, maana niliwaambia mafundi wengine wote waweke nyundo chini. Hatukusikia chochote. Nikaanza kufikiria kwamba waya umekatika.

Kisha kufuli ikalia, na kifuniko kikapanda chenyewe, polepole, na mwanamke yule akaketi katikati ya jua, nywele zimevurugika, akatutazama mmoja mmoja.

"Imefunguka," akasema.